Uuguzi Usiohesabiwa Al Thumama

Nilisomea uuguzi ngazi ya cheti kule Tanga, nikapata leseni, kisha nikajitolea kwenye zahanati nikisubiri ajira za serikali. Zilipotoka, jina langu halikuwemo. Wakala aliyenileta Doha aliniambia nianze kwa kumhudumia mgonjwa nyumbani, hospitali zitanichukua nikiwa huku huku. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Mgonjwa alikuwa bibi wa mtaa wa Al Thumama, hapa Doha, aliyepooza upande mmoja. Nyumba nzima ilimwita Yumma, yaani mama, na mimi nikamwita hivyo. Nilimwogesha, nikamgeuza kitandani asipate vidonda, nikamlisha kwa kijiko kidogo. Kiarabu changu cha jikoni na ishara za mkono wake mzima vilitutosha. Ndege ikipita chini kuelekea uwanjani aliniuliza kama ni ya kwetu, nami nilisema ndiyo bila kujua ilitoka wapi.

Binti yake, niliyemwita Madam, alikuwa na utu. Nilipomweleza kwamba mimi ni muuguzi, alinipeleka mwenyewe kuulizia leseni ya huku. Karani wa dirishani alikitazama cheti changu mbele na nyuma.

"Hapa wanaanzia diploma," alisema, Madam akinitafsiria kwa Kiingereza. "Na baada ya diploma uwe umefanya kazi hospitali, tena karibuni, siyo zamani."

"Nipo na mgonjwa kila siku," nikasema.

"Wapi?"

"Nyumbani."

Akatikisa kichwa kwa upole. Kazi ya nyumbani haihesabiwi. Nikiwa kwenye gari nilielewa kwamba kila mwezi niliokaa kwa Yumma ulikuwa ukinisogeza mbali zaidi na wodi.

Hali yake ilipozidi kuwa mbaya, daktari aliagiza awekewe mpira wa mkojo, na familia ikatafuta nesi wa kuja kumwangalia. Alikuwa Mkenya wa Nakuru, mdogo kwangu kwa umri, mwenye diploma. Siku ya kwanza alinivuta pembeni.

"Sista, najua umesomea. Lakini huo mpira usiuguse. Kitu kikitokea, mimi nitapoteza leseni, na wewe watakurudisha home."

"Nimekuelewa."

"Si urudi tu ufanye upgrade? Ni kama mwaka mmoja."

"Na wanangu watakula nini huo mwaka?"

Aliendelea kupanga glovu zake.

Asubuhi moja nilikuta mfuko wa mkojo mkavu. Yumma alikuwa ameuma mdomo, na chini ya kitovu palikuwa pamevimba na kukaza. Niliukagua mpira kama umejikunja. Haukuwa umejikunja. Ulikuwa umeziba. Bomba la sindano na chupa ya maji ya chumvi ya kuuzibulia vilikuwa kwenye droo, pale pale kando ya kitanda. Nikampigia Madam kazini.

"Usiguse chochote," alisema. "Nampigia nesi."

Nesi alikuwa Al Wakrah, mji wa jirani, kwa mgonjwa mwingine.

Yumma alinishika kifundo cha mkono. "Wewe," alisema. "Fanya wewe."

"Nesi yuko njiani, Yumma."

"Wewe."

Nilifungua droo. Kazi hiyo niliifanya wodini nikiwa mwanafunzi, tena bila kufikiri. Sasa nilisimama na lile bomba mkononi nikijiuliza nivute maji kiasi gani, na jibu halikuja. Hapo ndipo hofu iliponishika kweli. Hata ningeruhusiwa, sikuwa tena na uhakika. Nikalirudisha bomba, nikaifunga droo, nikakaa nikimfuta jasho. Alilia bila sauti, na mkono wangu hakuuachia.

Nesi alifika akihema. Alimaliza kazi kwa dakika chache, mfuko ukaanza kujaa. Yumma aligeuzia uso ukutani, akalala bila kunitazama.

"Ulifanya vizuri kungoja," nesi aliniambia akinawa mikono.

Nikasema asante.

Baadaye alipata homa, akapelekwa hospitali. Madam alinichukua nikamwone. Wauguzi walipokuja kumgeuza, mmoja aliniomba nisubiri nje ya pazia pamoja na wageni. Nilisimama pale nikisikia shuka zikivutwa na Yumma akiguna. Hakurudi nyumbani.

Msiba ulipokwisha, nilidhani nitarudishwa kwetu. Madam alikuja jikoni, macho bado mekundu.

"Usiondoke," alisema. "Watoto wamekuzoea."

Kwa hiyo nalea wajukuu wa Yumma. Leseni yangu ya Tanzania nayo imeisha muda, na kuihuisha kunataka mafunzo ambayo sina pa kuyapatia nikiwa huku. Yule nesi wa Nakuru hunitumia maswali ya mtihani kwenye simu ili nisisahau. Juzi alituma moja kuhusu dripu. Nililisoma mara mbili nikiwa nimesimama getini, jibu lake sikulipata. Basi la shule likafika, nikapokea mabegi.