Darubini ya Injinia na Waya wa Wikioni

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha kompyuta nilivua viatu mlangoni. Ndivyo tulivyolelewa, huingii kwa watu na vumbi la njiani. Injinia akanitazama miguu, akacheka mpaka akashika meza. "Kadzo," akasema, "hapa si kwa mama mkwe. Vaa viatu, umeme utakurusha!" Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wangu: mtu wa bara, mrefu, mwepesi wa kucheka na mzito wa kuuliza.

Mimi ni Mgiriama. Miaka ile ya tisini nilikuwa mpokea simu wa chuo, na nilikuwa nimechoka kusema "subiri kidogo" kutwa nzima. Nikaomba nihamishiwe idara ya mtandao. Mkuu wa Chuo alikubali shingo upande. Nitajaribiwa, akasema, mpaka maabara na maktaba ziunganishwe. Kazi ikishindikana, narudi kwenye simu zangu.

Ninyi wenzangu vijana hamwezi kujua adha tuliyokuwa nayo. Maabara yetu ya utafiti wa bahari ilikuwa karibu na Ngome ya Yesu, na maktaba ilikuwa ndani kabisa ya Mji wa Kale, katika nyumba ya mawe. Huko maktaba ndiko kulikokuwa na kompyuta kubwa ya kuhifadhia kazi za watafiti, na ndiko barua zao za kompyuta zilikotokea kwenda ng'ambo. Katikati palikuwa na waya wa shaba ulioliwa na hewa ya chumvi, viungo vyake vimeota kutu ya kijani. Daktari wa maabara akituma picha moja ya matumbawe, anakwenda kunywa kahawa, anarudi, anakuta imekwama nusu. Mwisho wanafunzi wakawa wanabeba disketi mkononi, mbio vichochoroni. Mtandao wetu ulikuwa miguu ya watoto wa watu!

Ndipo likaja gurudumu kubwa la mbao lililoviringwa faiba. Faiba ni waya wenye nyuzi za kioo ndani yake, nyembamba kama unywele, na habari hupita humo kwa mwanga badala ya umeme. Kioo hakishiki kutu. Lakini lilikuja na sharti: tusipoutandaza kabla ya masika, wenzetu wa chuo cha bara wanauchukua. Injinia akaniambia waziwazi, "Gurudumu hili likipanda treni, nawe unarudi kwenye simu."

Basi, upite wapi? Kuchimba njia za Mji wa Kale tulikatazwa, na kutundika waya usoni mwa zile nyumba kongwe tulikatazwa vilevile. Injinia akaona tupite juu ya mapaa. Asubuhi moja akachukua darubini yake, akapanda juu ya maabara kutafuta njia iliyonyooka.

Lo! Mji wa Kale mwanamume hapandi paa kimya kimya. Hata fundi wa chokaa husimama kwenye ngazi akapiga ukelele, "Napanda!", kisha akangoja, ili kina mama wa mapaa ya jirani wajistiri au washuke. Kule juu ndiko uani kwao. Injinia hakupiga hodi, na juu ya hayo ameshika darubini!

Adhuhuri haijafika, wazee wa mtaa walikuwa wameshajaa ofisini kwa Mkuu wa Chuo. Injinia alitoka jasho mpaka tai ikalowa. "Haki ya Mungu, sikuona mtu!" akasema. "Niliona shuka tu!"

"Shuka," mzee mmoja akajibu polepole. "Bwana atoka bara na darubini kuja kutazama shuka."

Mkuu wa Chuo akautia kufuli mlango wa paa, ufunguo akauweka kwake. Nyumba zote za katikati zikatufungia milango. Tukabaki tunatazamana na lile gurudumu. Nilimwonea huruma Injinia, lakini niwaambie kweli, nilijililia mwenyewe zaidi. Nilikuwa nimeshaionja kazi ile, na zile simu nilikuwa nikizisikia zikilia mpaka usingizini.

Nikajitanda leso, nikaenda kwa Bi Mwanakheri. Nyumba yake ilikuwa katikati ya njia, na kina mama wa mtaa ule hawakuwa wakifanya jambo bila yeye.

"Hodi, Bi! Sabalkheri."

"Sabalkheri, mwanangu. Wewe ndiwe wa yule bwana wa darubini?"

"Ndiye mkubwa wangu wa kazi, Bi."

"Basi pole," akasema, akacheka mwenyewe. Alinipa kahawa na halua, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na huo waya, unene wake wapata wapi?" Nikamwonyesha kidole changu cha mwisho. Akainuka, akanipandisha ghorofani mpaka kwenye wikio. Wikio ni chumba cha daraja kinachovuka juu ya kichochoro kuunga nyumba na nyumba, wanawake watembeleane bila kushuka njiani. Kutoka kwake, wikio kwa wikio, ungefika nyuma ya maabara upande mmoja, na ukutani mwa maktaba upande wa pili.

"Sisi twapita hapa tangu nyanya zetu," akasema. "Waya wenu una nini hata usipite?"

Nilitaka kumkumbatia. Akaninyooshea kidole. "Lakini mwanamume hapandi. Utautia wewe. Na darubini ile ikae kwangu rahani, mpaka mwenyewe aje kuichukua na kuomba radhi." Injinia alinikabidhi darubini siku ile ile.

Kuuvuta waya hakukunishinda. Kilichonitisha ni kiungo. Tuliuvuta kutoka pande mbili, kwa hivyo ncha zilikutana katika wikio ya Bi Mwanakheri, na ilibidi ziungwe hapo. Unamenya ganda, unafuta uzi kwa spiriti, unaukata wima, kisha mashine inazisogeza ncha mbili uso kwa uso na kuziunga kwa cheche. Sikuwahi kufanya hivyo bila Injinia kunisimamia. Siku hiyo alisimama chini kichochoroni, amegeukia ukuta asije akaambiwa atazama juu, na huku anapiga kelele.

"Umefuta?"

"Nimefuta!"

"Zima feni, upepo unatikisa uzi!"

Kina mama wakazima feni. Kiungo cha kwanza kikakataa, na cha pili vivyo hivyo. Kila ukikosea unakata, na waya unapungua. Uliobaki ulikuwa wa kujaribu mara moja tu. Nikaishika ncha, nikaiacha, nikaishika tena. Bi Mwanakheri akanisukumia mto chini ya kiwiko. "Tuliza mkono, kama unamchora bibi arusi piko mkononi," akasema. Nikatulia. Cheche ikaruka, na uzi ukashika.

Injinia akakimbilia maabara kumulika tochi kwenye ncha ya kule. Mimi nikakimbilia maktaba, nikainamia ncha ya huku. Nikaona kijinuru, kidogo kama punje ya mtama. "Kimefika!" nikapiga ukelele. Kina mama wakapokea kwa vigelegele, wikio kwa wikio, na Injinia akavisikia kule maabara kabla sijaigusa simu. Jioni ile picha ya Daktari ilifika kufumba na kufumbua, akaituma tena kwa raha zake tu. Nami nikaandikwa kazi.

Darubini Injinia hakwenda kuichukua. "Kesho, Kadzo," kila siku kesho, kwa haya. Akahamishiwa bara. Baada ya miaka, habari ya kifo chake niliipata kwa barua iliyopita kwenye waya ule ule. Niliisoma nimesimama, nikalia mbele ya watu.

Nimeunga waya mwingi tangu hapo, wenye kasi ya kuuchekesha ule wa kwanza. Siku ya kustaafu nilikwenda kuaga kwa Bi Mwanakheri, naye ameshatangulia. Binti yake, Maimuna, akaitoa darubini kabatini, imefungwa kwa leso.

"Mwenyewe hakuja," akasema. "Chukua wewe. Tena kapande ukatazame alichokiona. Mimi nitasimama juu ya paa letu, palepale walipokuwa kina mama."

Nikaomba ufunguo wa paa la maabara. Nikasimama kwenye ngazi: "Kina mama, napanda!" Nikangoja, kisha nikapanda na kuelekeza darubini kwao. Ukuta wa ukingo wa paa lao ni mrefu. Nilijua Maimuna yuko nyuma yake, lakini sikumwona hata mkono. Nilizunguka huku na huku. Ni ukuta tu, na juu ya ukuta, shuka.

"Maimuna!" nikapiga ukelele, machozi yananitoka. "Alisema kweli! Ni shuka tu!"

Nyuma ya ule ukuta kikapaa kigelegele, na nyumba ya pili wakakipokea.