Watoto Kumi wa Kwanza wa Ayubu

Kule Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, aliyezidiwa na maisha huambiwa aende kwa Mama Nathalie. Dawa yake ni mistari ya Biblia, huiandika kwenye vikaratasi na kuongeza chini: asubuhi na jioni. Mwenye hasira hupewa Methali, mwenye hofu Zaburi. Watu huviita ordonansi, kama vyeti vya dawa vya daktari, naye hakasiriki. Kwa kweli anaona fahari.

Waliofiwa na watoto aliwapa Ayubu, sura ya mwisho, pale mzee anapopata watoto kumi baada ya kumi waliokufa. Miaka kumi na mmoja aliiandika sura hiyo kwa kichwa, bila kuifungua.

Siku moja Anatole, mkulima Mrundi, akaja mbio. Bintiye Élyse alikuwa amefia hospitalini Mbarara, na tangu wamzike, mkewe Vestine alikuwa anakunywa maji tu. Hiyo ilikuwa siku ya nane.

"Hata uji anakataa, Mama. Nitamupoteza na yeye."

Walimkuta Vestine mkekani, sufuria ya uji kando yake imefanya utando. Majirani waliozoea kumwita Mama Élyse sasa walimwita Vestine, eti wasimtoneshe kidonda. Hata Anatole.

Mama Nathalie akafungua Biblia akasoma sura ile ya Ayubu. Vestine akamsikiliza mpaka mwisho.

"Bale kumi ba kwanza, balirudi?"

"Hapana."

"Majina yao yameandikwa?"

Mama Nathalie akapekua nyuma, akapekua mbele. Mabinti watatu waliozaliwa baadaye walikuwa na majina, tena mazuri. Wale wa kwanza, hakuna hata mmoja. Aliona haya: miaka yote hiyo hakuwahi kuliona hilo.

"Hayako," alisema.

"Na wewe, Nathalie ndiye mutoto wako wa kwanza?"

Mganga hajigangi. Kwao Fizi, kule Kongo, mama huitwa kwa jina la kifungua mimba wake, na Eugénie, ndilo jina hasa la Mama Nathalie, aliitwa Mama Gad kwa miaka minne, mpaka siku ya kukimbia vita. Walimzika Gad kando ya njia ya kwenda mji wa Baraka, wakaendelea na safari. Nathalie alizaliwa Nakivale. Majirani wasiojua lolote wakamwita mamake kwa jina hilo, naye akaliitika. Nathalie mwenyewe hajui kwamba ana kaka.

Hakuna mstari uliomjia. Njia ile ilimrudia kana kwamba ilikuwa jana.

"Hapana. Wa kwanza ni Gad. Alibakia mu njia. Alikuwa na miaka ine, alipenda kuvaa bilato bya baba yake, miguu inapotelea mule ndani." Akaufumbata mkono wa Vestine kwa mikono yake. "Niko Mama Gad."

Vestine alilia, kwa mara ya kwanza tangu Mbarara. Wakalia pamoja, Biblia imefunuka mkekani, Anatole amesimama mlangoni hajui aingie au atoke.

Baadaye Eugénie akaivuta ile sufuria.

"Mama Élyse, nikupashie uji?"

Vestine akajiinua, akaketi.

"Pasha wa watu wawili, Mama Gad."