Mtandio wa Pilipili

Rukiya alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, katika nyumba ambayo mlango wake haukufungwa mpaka watu walale. Djibril alipomwoa na kumleta Brussels, alimweka kwa mama yake, mtaa wa Evere, ghorofa ya sita. Maman Aïcha alikuwa amepooza upande mmoja. Hakuweza hata kwenda msalani bila kushikwa. Djibril alisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, kule Jette, akarudi hoi. Aliyebaki ni Rukiya. Hakuna aliyemfungia. Ila kila akivaa koti kwenda kununua mkate alimsikia Maman Aïcha akiuliza, "Utakawia?" na mkate akaununua mbio mbio.

Mavyaa wake hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomziba mdomo. Angelalamika kwa nani, na kwa lipi?

Jirani yao alikuwa mama mtu mzima wa Kituruki, Nuriye. Mifupa yake ilikwisha kuchoka, asingeweza kumnyanyua mtu, lakini alasiri alikuja na sindano yake akakaa nao, akishona oya, ile taraza ya vifundo vidogo vidogo ambayo wanawake wa kwao huizungushia mitandio. Akamfundisha Rukiya: uzi unazungushwa sindanoni, unavutwa, kifundo kinakaza, na kifundo juu ya kifundo huzaa ua. Siku moja akamshonea pilipili nyekundu, akacheka. Kwa Kifaransa cha kuokoteza akaeleza kuwa zamani mke mwenye hasira, asiyeweza kufungua kinywa mbele ya wakwe, alivaa mtandio wa pilipili. Wanaouona wanaelewa.

Rukiya akashona pilipili mtandio mzima. Akauvaa akipakua wali, akauvaa akimfungulia mumewe mlango.

"C'est joli, mtandio mzuri," Djibril alisema, akaenda kuoga.

Baridi ikaja, ikaelekea kwisha. Aliyechoka kungoja akawa Maman Aïcha, ambaye maelezo ya Nuriye aliyasikia yote. Jioni moja mezani akaweka kijiko chini.

"Djibril, muke wako anakugombeza tangu Desemba, na wewe unasema joli."

"Ananigombeza? Hajasema kitu, maman."

"Atasema namna gani mbele yangu? Kazi yake ni mimi."

Djibril akamgeukia mkewe. "Ni kweli?"

"Nataka kutoka," Rukiya akasema, macho kwenye sahani. "Nisome Kifaransa. Nikae mahali ambapo hakuna anayeningoja."

Wakapatana kwamba Jumatano mchana Djibril atabaki na mama yake. Jumatano ya kwanza Rukiya alikwenda darasani, akarudi anaongea peke yake kwenye ngazi kwa furaha. Ya pili pia. Ya tatu simu ikaita: kazini mtu kaugua.

"Bon, ni leo tu," Djibril alisema akifunga viatu. Wiki iliyofuata akasema hivyo hivyo.

Alipokwisha kutoka, Rukiya alikuwa bado amevaa koti.

"Nenda, mwanangu," Maman Aïcha akamwambia. "Nikianguka, nimeanguka."

Rukiya akaitazama miguu ya mavyaa wake, imevimba ndani ya soksi. Akasimama pale mlangoni kitambo, kisha akavua koti. Maman Aïcha akageuza uso dirishani. Rukiya akaenda jikoni kubandika chai, akabaki huko mpaka maji yakakauka sufuriani.