Siku Tuliyotoka Kulizunguka Ziwa

Harufu ya mti wa mtarakwa ukiungua haijawahi kuniacha salama. Mwaka jana ilinikamata mbali kabisa na kwetu, jijini Kathmandu, chini ya kuba kubwa jeupe lenye macho yaliyochorwa juu yake, ambalo Wabudha hulizunguka tangu alfajiri. Kampuni ya utalii ninayofanyia kazi Nakuru ilikuwa imetutuma Nepali tukaone wenzetu wanavyotembeza wageni. Tulikuwa tumeshapelekwa Lumbini, tukaonyeshwa bustani aliyozaliwa Budha na bwawa wanalosema mamake alioga humo. Tukapigiwa makasia ziwani Pokhara. Tukapandishwa jipu mbugani kuona kifaru wa pembe moja, wenzangu wakashangilia utadhani kwetu hakuna vifaru. Muda huo wote nilikuwa sawa, napiga picha tu. Kisha mzee mmoja akatupa matawi mabichi kwenye tanuri la ubani, moshi ukanijia usoni, machozi yakaanza kunitoka mbele za watu. Mwenzangu akaniuliza kama ni ugonjwa wa milima. Nikamwambia ni moshi, na sikuwa nimedanganya.

Wao wanauita mti ule jina jingine, lakini pua yangu inaujua. Nyumba yetu ya Mwariki, karibu na ua wa mbuga ya Ziwa Nakuru, ilisimama kwa nguzo za mtarakwa. Baba alikuwa akisukuma mkokoteni sokoni, na lori la viazi kutoka Kuresoi likifika na nguzo ya ziada, aliinunua akaileta nyumbani akiisukuma mwenyewe. Alijenga hivyo, nguzo kwa nguzo, mpaka nikaanza shule nyumba haijaisha. "Baba Neema, hii utaimaliza tukiwa mbinguni?" mama alimchokoza. Baba alicheka tu, akaendelea kukandika udongo. Alikuwa amezaliwa kwenye kijumba cha wafanyakazi wa reli, na babu alipofariki familia ikaambiwa itoke. Baba aliapa watoto wake hawataambiwa na mtu yeyote watoke. Ploti ilikuwa yetu, tena hilo alilisema mara nyingi hadi nikadhani ni sehemu ya sala ya chakula.

Hakufikiria kwamba atakayetuambia tutoke angekuwa ziwa.

Nilipozaliwa ziwa lilikuwa mbali, huko ndani ya ua. Sisi tuliona flamingo kama mstari wa waridi tu, basi. Halafu maji yakaanza kupanda, polepole, bila mvua ya maana. Yakapita ua wenyewe, vigingi vikabaki vimechomoza vichwa. Yakafika shambani. Asubuhi moja tukakuta kiboko amemaliza sukuma wiki zote za mama, na mama akasimama pale na kisu chake na sufuria, akasema, "Ai, si hata angeacha ya mboga ya leo?" Tukacheka. Wiki zilizofuata hakuna aliyecheka. Choo kikazama. Majirani wakaanza kuhama mmoja mmoja, magodoro yao juu ya vichwa.

Ni katika siku hizo alipokuja Bwana Pasang. Alikuwa mtaalamu wa vifaru kutoka Nepali, amekuja na askari mmoja wa mbuga kuangalia jinsi ua ulivyozama. Buti lake likanasa kwenye tope letu, likabaki humo, naye akatokea mlangoni kwetu akirukaruka kwa mguu mmoja. Mama akamletea maji ya kunawa, na chai. Aliponusa nguzo zetu alitabasamu akasema kitu, askari akatutafsiria: harufu hii ni ya kwao. Kisha akatuonyesha picha kwenye simu. Vifaru, maziwa ya buluu kati ya milima ya theluji, na lile kuba lenye macho. Akasema kwao watu hukizunguka kitu kitakatifu, hata ziwa, wakikiweka mkono wa kuume, huku wakiomba.

Mama hakuwa mtu wa dini za watu. Alikuwa wa kanisa, wa kitambaa kichwani na mkesha. Lakini aliposikia kuzunguka, akapiga makofi. "Si hiyo ni Yeriko! Walizunguka na tarumbeta, kuta zikaanguka!" Askari akacheka, akamtafsiria mgeni, na mgeni, kwa adabu, akakubali kwamba huenda ni Yeriko.

Basi Jumamosi moja, maji yakiwa yameshafika jikoni, mama alituamsha akasema tunaenda kulizunguka ziwa lirudi kwao. Nilikuwa na miaka tisa na niliamini kwa moyo wangu wote. Tito, ndugu yangu mdogo, alikuwa wa nasari. Alibeba tarumbeta lake la plastiki la Krismasi, maana huwezi kwenda Yeriko mikono mitupu. Baba alibaki. Alisema mkokoteni una kazi. Alitushika vichwa wote wawili kabla hatujaondoka, jambo ambalo hakuwa na tabia nalo.

Tulifuata ua, ziwa mkono wa kuume. Mama alianza kwa haraka, akitazama mbele, kimya. Tukapita nyuma ya mitaa ya mjini, kwenye taka na mbwa, Tito akipiga tarumbeta mpaka watu wakatoka kututazama. Jua likawaka. Mama akambeba Tito mgongoni. Huko mbele nikamsikia ameanza kuimba, taratibu kwanza, halafu kwa sauti, halafu akaomba kwa sauti ile ya mkesha, akiliamuru ziwa lirudi kwa jina la Yesu. Nami nikaomba. Upande wa Lanet, askari wa ua alitusimamisha.

"Mathe, mnaenda wapi na watoto na hili jua?"

"Tunazunguka ziwa."

"Lote?" Akatutazama viatu. "Mathe, hiyo ni safari ya gari. Mbele kuna nyati. Rudisha watoto."

Mama alibishana naye kwa muda, kisha akabishana kwa machozi. Tukarudi.

Tuliporudi jua lilikuwa limeinama, nyumba haikuwepo. Baba alikuwa ameng'oa mabati na nguzo, na kuta zilikuwa zimelala chini, udongo ukianza kulowa. Tito akazitazama. Akateremka mgongoni mwa mama, akapiga kelele kwa furaha: "Zimeanguka! Mama, kuta zimeanguka!" Akapiga tarumbeta, akalipiga na kulipiga, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumnyang'anya.

Mama akamwendea baba. "Si ungengoja!" alimwambia. "Si ungengoja tu!" Baba alikuwa amekalia mabati, mikono imejaa udongo.

Tulihamia chumba cha kupanga Kiamunyi. Nguzo zikaegeshwa nje, zikingoja ploti nyingine. Baba alikufa zikingoja. Kwenye matanga yake wamama walikosa kuni, wakaziona pale, wakapasua na kutuchemshia chai ya waombolezaji.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye moshi ule wa Kathmandu. Nikampigia mama simu ya video, nikaielekeza kwa watu wale wazunguke mbele yake. Alitazama sana.

"Kumbe wanazunguka kweli," alisema. Kisha, bila kuulizwa: "Tulikuwa tumekubaliana na babako. Niwatoe muende mbali, msimwone akiibomoa."

Nikakaa chini kwenye ngazi. Miaka yote nilidhani baba alikata tamaa sisi tukiwa njiani, na kwamba mama alimkasirikia kwa hilo.

"Sasa mbona ulimfokea?"

"Kwa sababu nilianza kuamini, Neema. Nilitoka nikijua ni upuzi, nawapeleka tu. Lakini kufika kule mbele, Tito mgongoni, nilikuwa nimeamini kabisa. Nikarudi nikakuta amemaliza." Alifuta uso kwa leso. "Babako alidhani namlaumu kwa ajili ya nyumba. Miaka yote hiyo alikuwa akiniomba msamaha. Nami sikumwambia kwamba hakunikosea, nikingoja hasira iishe."

Akaniomba nisikate, nimwache atazame kidogo. Basi nilishika simu juu, watu wakazidi kuzunguka, mpaka bando ikaisha.