Kadi ya Mdogo Wangu Niliificha Mimi

Admin, ficha jina langu na hata la kijiji, waambie tu ni upande wa Masasi. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Nina miaka hamsini na mbili, mkulima wa korosho, sikujaliwa kuzaa. Nina binti wa miaka ishirini na saba, wa marehemu mdogo wangu. Kwetu mtoto wa ndugu yako wa kike ni wako, hakuna anayekuuliza.

Miaka ile wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kuingia vijijini na mizani zao, mdogo wangu alianza kujaa tumbo. Hospitali wakasema ni saratani kwenye kifuko kimoja cha mayai. Daktari akatuambia tumewahi, atatoa upande ule mbovu tu, kizazi na upande wa pili ataviacha ili aje azae. Sharti lake lilikuwa moja: arudi kupimwa kila tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Akapona kweli. Baada ya miaka miwili akamzaa huyu binti, ukoo mzima vigelegele, maana kwetu ukoo unakwenda kwa mama. Siku ya arobaini akaniambia, "Dada, wa pili nakuzalia wewe." Jamani, nililia kwa furaha.

Hapo ndipo shetani aliponiingia. Niliogopa akirudi kupimwa daktari atasema basi, sasa tunatoa vyote. Mdogo wangu hakujua kusoma, kadi niliitunza mimi. Akiniuliza kama tarehe imefika, namwambia bado. Nilimwambia hivyo mara tatu, na malori ya korosho yalipita kila siku kwenda mjini, tungepanda. Mtoto alipoanza kusimama dede, tumbo la mama yake likajaa tena. Tukadhani mimba. Mimi nikashangilia, eti mwanangu huyo anakuja. Tulipofika hospitali ugonjwa ulishasambaa, hakumaliza hata mwezi.

Msibani nikasema daktari ndiye aliyemuua kwa kumwachia kizazi. Uongo huo nimeusema miaka ishirini na sita, na binti yake nimemlea nao. Mpaka leo nikiokota korosho asubuhi namsikia mdogo wangu nyuma yangu, ananiuliza tarehe imefika? Na mimi, Mungu anisamehe, najikuta namjibu bado.

Sasa binti ameolewa Newala, hajapata mtoto, na mwezi uliopita wamemkuta na ugonjwa uleule, upande mmoja. Daktari amemwambia anaweza kumwachia kizazi, mradi asikose kupimwa. Amekataa. Ameniambia, "Mama, si ulisema kuachiwa ndiko kulikomuua mama yangu? Watoe vyote." Mumewe amenisihi niseme naye, ananisikiliza mimi tu.

Upasuaji ni Alhamisi. Nikisema ukweli, atajua anayemwita mama ndiye aliyemzika mama yake, na sina mwingine duniani. Nikinyamaza, anakuwa tasa kama mimi kwa uongo wangu mwenyewe. Hivi naandika amekuja kwangu, yuko jikoni ananipikia uji, yeye mgonjwa ndiye anayenihudumia.

Wenzangu, naanzaje kumwambia? Kama hamna ushauri nitukaneni tu, nimestahili, ila iwe kabla ya Alhamisi.