Sikio la Mama na Mafuta ya Bot Chelangat

Mpaka leo nausikia mkebe wa maziwa wa Bot Chelangat. Aliugonga kwa kifuniko chake mara tatu, ko, ko, ko, mwisho wa laini yetu, ile safu ya nyumba za wafanyakazi wa chai, saa ambayo wachumaji walikuwa wakirudi kutoka mizanini, vikapu vitupu mgongoni na matope mekundu hadi magotini. Sisi tulikuwa watu wa kuja, tuliotoka Kisii kufuata kazi ya majani chai. Yeye alikuwa mwenyeji, Mkipsigis wa ng'ambo ya kijito, na jina lake la kuzaliwa sikulijua. Alikuwa mama yake Chelangat, basi tukamwita Bot Chelangat kama walivyomwita wenzake. Mama yangu alikuwa akiusikia mkebe huo hata akiwa ameinama anapuliza moto, nami nilitumwa na chupa kabla ya pigo la tatu. Kwa hiyo jioni moja mkebe ulipogongwa na mama akaendelea kukatakata mboga kana kwamba nje hakuna mtu, nilimtazama sana. Nilikuwa na miaka kumi. Nilimgusa bega, akashtuka, akasema, "Mbona unanitisha? Si uite!" Na mimi nilikuwa nimeita mara mbili.

Ulikuwa msimu wa mvua, na mvua ya Kericho haikuombi ruhusa. Kila alasiri inakuja na baridi yake na wachumaji wanaendelea kuchuma. Sikio la mama la kushoto lilikuwa linasikia kwa shida tangu utoto wake. Alilotegemea ni la kulia, na sasa hilo lilikuwa limeziba, linavuma kama nyuki ndani ya mzinga. Nyapara alipopiga kelele kwamba mstari uhame, wanawake wote walihama, yeye akabaki peke yake katikati ya michai. "Wewe mama Nyaboke, masikio umeacha nyumbani yachunge watoto?" nyapara akauliza, na watu wakacheka. Mama naye alicheka, maana alifikiri wanachekea kitu kingine. Lakini nyumbani hakucheka. Nyumba yetu ya laini ilikuwa ya kazi. Asiyeweza kazi alifunga mzigo. Baba alisema, "Nyapara akikupeleka ofisini kwamba husikii, hapa tunatoka," kisha ikabidi aseme tena kwa sauti, na kuisikia mara ya pili kulikuwa kubaya zaidi.

Bot Chelangat ndiye aliyetambua. Alimketisha mama kwenye kigoda mlangoni, akamgeuza kichwa kuelekea mwangaza, akavuta sikio polepole, akachungulia. "Hii si ugonjwa," akasema. "Ni nta tu. Imejaa, halafu mvua ikaifurisha." Siku iliyofuata akaleta kichupa cha mafuta ya zeituni aliyopewa mzee wake katika hospitali ya misheni kwa shida hiyo hiyo. Alitufundisha wote wawili, mama na mimi: kichupa upashe moto kwapani, si jikoni, mgonjwa alale ubavu, matone matatu, kisha atulie kama muda wa kuimba wimbo mmoja wa kanisani pamoja na beti zake zote. Asubuhi na jioni, siku tano au zaidi. "Itaziba zaidi kwanza, msiogope, nta inalainika. Itatoka yenyewe. Na mtu asitie kijiti! Sikio si sufuria ya ugali, halikwanguliwi." Kisha akanigeukia. "Umesikia, daktari?"

Aliniita daktari kwa sababu kila mtu kwenye laini alijua ndoto yangu. Nilikuwa nimejishonea kofia ya nesi kwa kitambaa cha mfuko wa unga, na nilikuwa nimewatibu kuku wote pamoja na watoto waliokubali. Niliamini kwamba vidole vyangu vilikuwa na kipawa. Siku za likizo nilimsaidia mama kuchuma, majani mawili na chipukizi, na wanawake walisema, "Angalia mkono wa huyu, hauachi hata bua." Sifa ni tamu, na mtoto hajui kuzipima.

Siku ya tatu, ambayo ilikuwa Jumapili, mama hakusikia kitu kabisa. Kesho yake ilikuwa kazi. Baada ya kanisa nilimtilia matone yake, akalala ubavu kitandani, na kwa uchovu wa wiki nzima usingizi ukamchukua. Baba alikuwa nje na wanaume. Nikachungulia, nikaiona nta pale pale karibu, nyeusi na laini kama ugoro uliolowa. Nikajiambia: hili ni jambo la vidole viwili tu. Nilichomoa pini kwenye nywele zangu, nikaikunjua, nikaingiza ncha yake iliyopinda sikioni, na kipande kikatoka! Furaha niliyoisikia, sijui niilinganishe na nini. Nilimwona mama akiamka, akisikia, akiiambia dunia nzima kwamba mtoto wake ndiye aliyemponya. Haraka haraka haina baraka, tulikuwa tukiimba shuleni, lakini hakuna aliyeniambia haraka inavyofanana na upendo. Nikarudisha pini kuchukua kilichobaki. Mama akajigeuza usingizini.

Sitakieleza kile kilio. Mafuta yalitoka pamoja na damu, yakamtiririka shingoni. Pini niliitupa majivuni, nikaisukuma ndani kwa kidole, na baba alipoingia mbio nilikuwa nimesimama mlangoni kama mtu anayetoka nje. "Ni nini?" Mama, akiwa ameshika sikio, alilia, "Yameniunguza! Mafuta yameniunguza!" Baba akanitazama. "Wewe ulikuwa wapi?" Nikasema, "Nje."

Neno moja tu. Kesho yake dresa, mfunga vidonda wa dispensari, aliangalia na taa yake, akasema ngoma ya sikio imetoboka, lisitiwe maji wala mafuta mpaka lipone. "Mmetia nini humu?" Baba akasema ni mafuta ya jirani. "Mafuta hayatoboi, mzee," dresa akasema, akinitazama mimi. Nilihesabu vidole vya miguu yangu. Lakini baba alikuwa ameshaamua, na laini ilimsaidia: hawa wenyeji hawatutaki hapa, mlidhani zawadi ni ya bure? Jioni Bot Chelangat alipokuja, baba alimsimamisha uani. "Usilete maziwa tena hapa. Wala mafuta yako yaliyomuunguza mke wangu." Yule mama aliweka mkebe chini. "Lakini mimi nilisema yapashwe kwapani," akasema. "Kweli mafuta yalikuwa moto?" Hakumuuliza baba, aliniuliza mimi, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa nikitia. Nami, niliyejua kila kitu, niliangalia chupa tupu mkononi mwangu. Akachukua mkebe wake akaenda, na tangu siku hiyo alipita njia ya juu.

Mama hakufukuzwa, wanawake waliochuma kando yake walimgusa kiwiko kila nyapara alipoita. Lakini sikio halikurudi kama lilivyokuwa. Wakati huo dawa ilikuwa ni neno la jirani na taa ya dresa. Siku hizi, hapa Silibwet nilipoolewa, kuna kliniki, na mwezi uliopita nilipompeleka mwanangu sikio likiwa limeziba, nesi, msichana wa rika langu, aliniambia: matone machache, asubuhi na jioni, usichokore kamwe, na likiuma au likitoa usaha ulete hapa, usijaribu nyumbani. Karibu maneno yale yale, isipokuwa sufuria ya ugali. Niliondoka pale nikilia, mwanangu mgongoni, watu wakidhani nimeambiwa mtoto ana ugonjwa mkubwa.

Nilipanda gari kwenda kwa mama, ambaye bado yuko kwenye laini ile ile. Niliketi naye jikoni, nikasema polepole, "Mama, ilikuwa pini yangu." Akasema, "Eh?" Siri ya mtu ambaye mama yake hasikii haiwezi kunong'onwa. Ikabidi niipigie kelele, nikasikia kwa jirani vijiko vikinyamaza. Mama aliweka mwiko chini. Alikaa hivyo mpaka ugali ukaanza kunuka, kisha akasema, "Miaka kumi na mitatu nimepishana na mama yule sokoni kama mtu nisiyemjua. Mimi nitaenda kwake na uso wangu. Lakini wewe tangulia na mdomo wako. Na hakuna mtu wa kukusindikiza."

Basi nilivuka kijito peke yangu. Siku hizi wenyeji nao wana michai yao, na nilimkuta katikati ya kijishamba chake, mgongo umepinda kidogo, anachuma. Nilipita katikati ya mistari mpaka nikawa karibu naye, kwa kuwa yeye anasikia vizuri, na sikutaka kupaza sauti.

"Bot Chelangat," nikasema, "hayakuwa moto."