Podikasti za Dobi

Kazi ya dobi hushika mikono na macho, lakini masikio huyaacha huru. Ndiyo maana yule dobi wa nyumba ya kona, mtu mzima asiyejua kupaza sauti, alipiga pasi mchana kutwa huku waya wa simu ukining'inia sikioni.

Alianza kwa hofu. Mdogo wa mkewe, aliyeitwa Redio kwa sababu hutangaza tu wala hasikilizi, alimwambia siku moja, "Shemeji, akili mnemba hiyo inakuja. Baada ya miezi sita hakuna dobi duniani. Sikiliza podikasti hii, ina wafuasi laki tano!"

Dobi akasikiliza. Mtangazaji alipiga kelele kama yuko mnadani. Kila wiki dunia ilikuwa inapinduka. Miezi sita ikapita, na mashati yakaendelea kuja marundo kwa marundo. Mtangazaji hakuligusa tena hilo. Alihamia kuwatisha madereva.

Dobi akamwacha, akatafuta wengine. Kila aliyempata alimpima kwa mambo anayoyajua mwenyewe: akitaja kitambaa, sabuni au moto wa pasi, amesema kweli? Wengi walianguka hapo. Mwishowe alibaki na mwalimu mmoja mwanamke, mwenye sauti ya kusinzisha, ambaye kila kipindi alikifungua kwa kutaja alichokosea wiki iliyopita. Mwalimu huyo alikuwa pia na jarida la barua pepe, na dobi alilisoma Jumapili, polepole, kidole kikifuata mstari.

Redio alimcheka. "Huyo mama ana wasikilizaji wangapi? Wewe na paka wake?"

Adhuhuri moja Redio alimleta mama yake, mkwe wa dobi, kutoka zahanati. Moyo ulikuwa umeanza kumsumbua, akapewa vidonge vipya katika bahasha ndogo, maelezo yameandikwa juu yake kwa kalamu. Njiani mvua iliwanyeshea. Wino ukatawanyika.

"Ninywe vingapi?" mama akauliza, akijishusha kitini karibu na meza ya pasi. Alikuwa akihema.

"Kwani hawakukueleza?" mke wa dobi akauliza.

"Walimweleza ndugu yako."

"Mimi nilikuwa napokea simu," Redio akasema. "Lakini mnahangaika nini, karne hii?" Akaipiga picha bahasha, akaiuliza programu kwenye simu yake. Jibu lilikuja kabla hajameza mate. "Vinne, mara mbili kwa siku. Haya dada, lete maji."

Dobi alisimamisha pasi. Wiki ile ile alikuwa amemsikia mwalimu akisema kwamba programu hizi zikishindwa kusoma mwandiko, mara nyingi hazikiri. Hukisia, na kisio hulitamka kama jambo la hakika. Lakini tangu aoe, miaka ishirini sasa, hajawahi kumpinga mtu mbele ya mama mkwe. Hata kikohozi alikimeza. Vidonge viwili vilikuwa vimeshatua kiganjani mwa mama, na mkewe alikuwa anatoa cha tatu.

"Mama," akasema. Sauti haikutoka. Akasema tena, "Mama, nakuomba usinywe."

Wote wakamgeukia.

"Heh! Dobi leo daktari!" Redio akacheka.

"Shemeji, piga picha tena. Pale dirishani penye mwanga."

Redio akapiga, ili amkomeshe. Programu ikajibu: kidonge kimoja, mara mbili kwa siku. Akaguna, akapiga ya tatu. Kumi na viwili, ikasema, bila kusita. Redio akaifuta simu kwa shati kana kwamba tatizo ni vumbi.

"Basi ni kimoja," mke wa dobi akasema, macho kwa mama. "Saa ya dawa inapita, jamani. Kimoja kitamdhuru nini?"

Dobi aliitazama bahasha. Hata yeye aliona moja. Mama alikuwa ameshika kifua, na ulimi ulimwasha dobi kusema ndiyo, apewe, yaishe. Badala yake akatwaa bahasha, akaitia kwenye mfuko wa nailoni.

"Naenda kuuliza waliompa."

"Na akizidiwa wewe ukiwa njiani?" Redio akamfuata hadi mlangoni. "Utajibu nini?"

Swali lile lilimkimbiza dakika ishirini nzima, viatu vikijaa tope.

Mtoa dawa wa zahanati alipoiona bahasha alisimama. "Ameshakunywa?"

"Bado."

Mtoa dawa akakaa tena, akafungua daftari lake, akateremsha kidole. "Nusu. Nusu kidonge, mara mbili kwa siku. Aanze sasa. Hata kimoja ni kingi mno kwa moyo wake."

Dobi alirudi nusu akikimbia. Alimkuta mama yuko vilevile, anahema, hajameza kitu. Mkewe alikata kidonge kwa kisu, akampa mama kipande na maji. Redio alisimama dirishani, mgongo kwao, safari hii bila la kutangaza.

Mama alimeza, akapumzika, kisha akamtazama mkwewe machoni.

"Na wewe, baba, ulidhani ni vingapi?"

Dobi aliinamisha kichwa. "Kimoja, Mama."

Mama akakitazama kipande kilichobaki.

"Basi ulifanya vizuri kwenda kuuliza," akasema.